Breka namba nne: dakika nane za mchana Kariakoo

Nilipofika kwenye lile jengo, asubuhi ya kesho yake baada ya fundi umeme kurushwa na umeme, hukumu zilikuwa zimeshatoka, tena tatu. Wauza nguo wa ghorofa ya kwanza walisema kosa ni la mama wa juisi. Mama wa juisi mwenyewe, macho mekundu, alisema kosa ni la mlinzi. Mafundi wawili wa jirani waliokuja kutoa pole walisema kwa sauti ya chini kwamba mwenzao hakupima: "Angepima yasingemkuta." Mlinzi hakusema kitu. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na geti, mikono kaibana katikati ya magoti.

Mimi ni fundi umeme niliyeacha kupanda ngazi kwa sababu ya goti, na siku hizi naitwa zaidi kukagua kazi za wenzangu. Msimamizi wa jengo alitaka maelezo ya maandishi kabla mwenye nyumba hajarudi safari. Ninayoandika hapa ni maelezo yale yale, nikiwa nimeondoa kila kitakachomtambulisha mtu, na nimeongeza mambo ambayo kwenye ripoti hayakuwa na pa kukaa.

Aliyeumia ni fundi wa makamo, mtu makini. Alirushwa na umeme kutoka kwenye ngazi ya aluminiamu, akaanguka kimo cha kama mita mbili, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto na kuungua vidole viwili vya mkono wa kulia. Yuko hai. Naliweka hili mapema ili msomaji asisome akiwa ameshika roho, maana kisa hiki hakihitaji maiti ndipo kieleweke.

Jengo lina ghorofa nne, mwendo wa dakika chache kutoka Mtaa wa Kongo. Chini kuna maduka na kibanda cha juisi, juu kuna nguo za jumla, stoo, na fundi cherehani wa ghorofa ya tatu. Kama majengo mengi ya Kariakoo, vyumba vyake vimekatwa na kuunganishwa mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyokumbuka. Chumba kinagawanywa kwa ubao, mpangaji anahama, ubao unatolewa, na soketi inabaki ukutani upande usio wake. Boksi la breka, DB kama tunavyoliita, liko chini ya ngazi kwenye korido wanakopita wabeba mizigo na marobota yao. Lina mlango wa bati usiofungwa. Ndani kuna meni swichi, ile ya kuzima jengo lote, na breka kumi na mbili, na pembeni ya kila breka palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino yaliyofifia mpaka yakabaki madoa. Kwenye namba nne nilisoma "G2", au labda "62".

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja. Mpangaji mpya wa ghorofa ya pili alitaka soketi mbili zihamishwe na taa nne ziongezwe kwenye dari ya jipsamu. Taa na soketi za chumba kile zote zilining'inia kwenye breka moja, jambo ambalo halitakiwi lakini ndilo lililokuwepo.

Fundi alifika saa nne asubuhi na kijana wake, saidia fundi ambaye nitamwita Dogo kwa kuwa ndivyo kila mtu anavyomwita. Akashusha breka namba nne. Akapanda juu, akagusa nyaya kwa tesa, kile kipimo chenye taa ndogo, tesa haikuwaka. Akachomeka chaja ya simu kwenye soketi, simu haikuchaji. Akashuka tena, akamwambia Dogo: "Simama hapa. Asiguse mtu mpaka nikwambie." Dogo akageuza ndoo ya rangi, akaikalia mbele ya DB.

Saa saba walikwenda kula pamoja. Kwa nusu saa nzima ile breka ilikaa bila mlinzi, na hakuna aliyeigusa. Bahati ya namna hiyo ni mwalimu mbaya sana. Waliporudi, fundi alipima tena. Dogo ananihakikishia hilo, na mpangaji aliyekuwa anapanga mizigo mle chumbani anasema alimwona akitia tesa kwenye nyaya kabla ya kupanda ngazi. Kwa hiyo hukumu ya mafundi wa jirani ilikufa hapo hapo. Alipima, tena mara mbili.

Kuanzia hapo nina saa kamili, kwa sababu simu hazisahau. Saa 13:58 fundi alimpigia Dogo: konekta za kuungia nyaya zimeisha, kimbia duka la umeme la kona, ongeza na tepu. Dogo akainuka kwenye ndoo akaenda. Wakati huo huo, kwenye kibanda cha juisi, mteja alirudisha glasi ya juisi ya embe akisema ina uvuguvugu. Mama akashika friji, kimya. Lilikuwa limezima tangu saa nne ile, lakini blenda ilikuwa inasaga kama kawaida kwa kuwa ilikuwa kwenye laini nyingine, na friji lililojaa hukaa na baridi yake kwa saa kadhaa. Akamwuliza jirani wa vyombo, "Kwako umeme upo?" Akajibiwa, "Upo, mama." Saa 14:04 akampigia mlinzi: "Kaka, friji langu limezima, hebu niangalizie breka."

Mlinzi akaenda kwenye DB, akakuta ndoo tupu na breka moja imelala. Akainyanyua.

Dogo alilipia konekta kwa simu saa 14:07. Akarudi karibu saa 14:10, na alipopita chini ya ngazi akaona namba nne imesimama. Anasema alielewa kila kitu kabla hajapanda hata ngazi moja. Akaishusha, ndipo akakimbia juu. Hilo la kuishusha kwanza ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika mchana ule, maana watu watatu walikuwa wameshamzunguka fundi sakafuni, na waya aliouachia ulikuwa unaning'inia kutoka darini, una umeme, usawa wa vichwa vyao.

Kutoka Dogo kuinuka kwenye ndoo mpaka fundi kuanguka ni kama dakika nane.

Aliyeinyanyua

Nilivuta kiti kingine nikakaa na mlinzi. Alinisimulia bila kujificha. "Mzee, zote zimesimama, moja imelala. Nikainyanyua. Mimi hapa ni mwaka wa sita, kazi hiyo tunaifanya kila wiki." Saa nzima baada ya ajali hakujua kwamba yeye ndiye. Alisikia kishindo, akapanda mbio, akasaidia kumbeba fundi mpaka kwenye bajaji, akarudi getini. Aliambiwa baadaye, na Dogo, kwa maneno ambayo sitayaandika.

Sikuweza kumwona mwenye hatia, na nitasema kwa nini. Mtu wa Dar es Salaam akizimikiwa hafanyi jambo moja bali matatu, kwa mpangilio ambao hata mtoto anaujua. Anauliza jirani kama umeme upo. Ukiwa upo, anatazama kama LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha. Kama haijaisha, anakwenda kwenye breka. Miaka ya mgao, 2006, 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 kabla mashine ya kwanza ya megawati 235 ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha Februari 2024, ilitufundisha wote kuwa mafundi wa hatua hizo tatu. Kunyanyua breka ya mwenzako ni wema, kama kumwanulia nguo mvua ikianza. Mama aliomba msaada wa kawaida, mlinzi akautoa.

Na kile kibreka chenyewe hakikumwambia chochote. Zipo breka ambazo zikijikata zenyewe mkono wake husimama katikati, ukajua kuna hitilafu. Nyingi tunazofunga hushuka moja kwa moja mpaka chini, na hapo breka iliyojikata na breka iliyoshushwa na fundi zinafanana kama mapacha. Mlinzi aliona mkono umelala. Kwa nini umelala, hakuna popote palipoandikwa.

Kwa hiyo namtetea. Isipokuwa kwa jambo moja dogo: breka imelala na mbele yake kuna ndoo iliyogeuzwa. Mtu wa mle jengoni aliyempita Dogo pale tangu asubuhi angeweza kujiuliza. Nilimwuliza. Alisema alidhani Dogo amekaa kupumzika kwenye kivuli.

Kwa nini breka haikujikata

Swali hili liliulizwa na karibu kila mtu kwenye korido, pamoja na msimamizi: kama umeme ulimpiga mtu, kwa nini breka haikuanguka? Wengi wanaamini breka ipo kwa ajili ya kumlinda mtu. Ipo kwa ajili ya kulinda waya.

Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Mwili wa mtu, kutoka mkono hadi mkono, unaweza kuwa na ukinzani wa kama ohmu 1,000 hadi 2,000, na jasho la Dar mchana linausogeza upande mdogo. Gawanya, utapata mkondo kati ya ampea 0.115 na 0.23, yaani milliampea 115 hadi 230. Breka namba nne ni ya ampea 20. Kwa macho yake, mtu aliyeshikwa na umeme ni sawa na balbu ya wati 40 iliyowashwa. Itakaa imesimama mpaka kesho. Moyo nao, mkondo wa milliampea 50 ukipita kifuani kwa zaidi ya sekunde moja hivi, waweza kuanza kutetema ovyo bila kusukuma damu. Na chini ya hapo, kuanzia kama milliampea 10, misuli ya kiganja hukaza, mtu akashindwa kuachia alichoshika.

Fundi wetu alikuwa ameushika waya kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeegemea fremu ya chuma ya dari. Umeme ulipita kifuani. Kilichomwokoa ni kwamba misuli ilipostuka ilimsukuma nyuma, ngazi ikateleza, akaachana na waya kwa kuanguka. Mkono uliovunjika ndio uliolipia moyo.

Kifaa ambacho kingemjali mtu kilikuwepo. Kwenye DB kuna breka ya kuhisi uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia, ya milliampea 30, ambayo hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde inapoona umeme unaotoka haulingani na unaorudi. Nilipofungua kifuniko nikakuta imerukwa. Waya wa kuingia na wa kutoka vimeunganishwa pamoja nyuma yake, na yenyewe imebaki imesimama kama picha ya ukutani. Msimamizi alisema fundi mmoja wa zamani aliifanya hivyo kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Ilikuwa inasumbua kwa kuwa kuna mahali umeme unavuja, na inasumbua kweli ukiwa na majokofu kumi na pasi ya fundi cherehani. Lakini hebu tuwe wakweli pia: kama mkono wa kulia ungeshika laivu, waya unaoleta umeme, na wa kushoto nyutro, waya unaourudisha, kifaa hicho kingeona umeme unaotoka na unaorudi viko sawa, kingekaa kimya. Ni kinga ya pili. Ya kwanza ni kuhakikisha hakuna anayewasha.

Kufuli lililotumwa dukani

Fundi nilimtembelea nyumbani Tabata, mkono umefungwa hogo, mke wake akituletea chai. Sikumwuliza kama alipima. Nilimwuliza nini kilikuwa kinazuia breka isiwashwe. Akanyamaza kidogo, akasema: "Dogo. Dogo ndiye alikuwa kufuli langu."

Sentensi hiyo ndiyo kisa kizima. Mafundi wa Ujerumani hufundishwa kanuni tano kwa mpangilio usiobadilishwa: tenga umeme, zuia usirudishwe, hakikisha haupo, unganisha nyaya na ardhi na pia zenyewe kwa zenyewe, kisha ziba sehemu za jirani zenye umeme. Ile ya nne na ya tano huonekana zaidi kwenye mitambo mikubwa. Lakini tazama mahali ilipo ya pili. Kuzuia kunakuja kabla ya kupima. Sisi, na mimi nikiwemo kwa miaka yangu mingi, tunatoka ya kwanza tunarukia ya tatu. Tunashusha, tunapima, tunapanda. Tesa ikikataa kuwaka tunaona tumemaliza, kumbe tesa inazungumzia sekunde ile tu uliyoigusisha. Fundi alipima saa saba na nusu, breka ikanyanyuliwa saa nane na dakika sita. Angepima mara kumi kati ya hapo, zote zingemwambia ukweli, na bado angeanguka.

Turudi kwa Dogo. Mtu anaweza kuwa kufuli? Anaweza, kwa dakika tano, kama hana kazi nyingine duniani. Ila saidia fundi kazi yake ni kutumwa. Fundi alipopiga simu hakuwa anaondoa kinga yake kwenye breka; kichwani mwake alikuwa anamtuma kijana konekta, kama anavyomtuma mara ishirini kwa siku. Kazi mbili za mtu mmoja ziligongana, ile ya kelele ikaishinda ile ya kimya. Nilimwuliza Dogo kwa nini hakumkumbusha. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. "Shikamoo yangu haijapoa, nimwambie fundi wangu siendi?" Ana miaka kumi na tisa. Anajifunza kazi kwa huyo mtu, anakula kwa huyo mtu. Tukitaka kijana wa namna hiyo awe kinga ya uhai, tumempa mzigo bila kumpa mamlaka.

Kufuli la chuma hulitumi dukani.

Wazee wetu walikuwa na namna yao, na ilikuwa nzuri kuliko tunavyowakumbuka. Enzi za fyuzi za kauri za kuchomoa, fundi aliing'oa fyuzi akaitia mfukoni, akapanda juu nayo. Aliyekuja kutafuta umeme alikuta pengo. Haikuwa kinga kamili, maana mjuaji angeweza kuziba pengo kwa waya, lakini pengo linamfanya mtu asimame na kuuliza. Breka ilipokuja ilituletea usalama mwingi na ikatunyang'anya huo mmoja: sasa kurudisha umeme ni kazi ya kidole kimoja.

Kinachotakiwa ni kifaa kidogo cha plastiki au chuma kinachobana mkono wa breka ukiwa chini, chenye tundu la kupitisha kufuli. Kipo, ni kidogo kuliko kiberiti, na katika kazi za viwandani na migodini ni jambo la kawaida. Marekani kanuni ya kufunga na kuweka lebo viwandani ilitolewa 1989. Mitaani kwetu nimekutana na mafundi wenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mfukoni ambao hawajawahi kukishika. Kisipopatikana, zima meni swichi, hakikisha kwa mita, chomoa waya unaotoka kwenye breka ile, uzibe ncha yake kwa konekta yenye kifuniko, kisha rudisha meni kwa ajili ya wengine. Mlinzi akija kunyanyua, atanyanyua hewa. Kufunga mlango mzima wa DB kwa kufuli sikupendi sana, maana moto ukianza duka jingine watu watahitaji kufika humo haraka.

Mtaniambia kuzima meni Kariakoo mchana si mchezo. Najua. Dakika kumi za giza, wapangaji wote wako kwenye ngazi wanakuita majina. Ndiyo maana fundi alizima namba nne peke yake, na katika hilo alifanya sawa.

Ufunguo ukae mfukoni mwa yule ambaye mkono wake uko kwenye waya. Si kwa msimamizi, si kwa Dogo aliyebaki chini, na usiwepo wa akiba unaoning'inia kwenye msumari ofisini. Wakifanya kazi wawili, makufuli mawili. Anayemaliza kwanza anatoa lake, la mwenzake linabaki.

Halafu karatasi. Msimamizi alishanunua, kabla sijafika, lebo nyekundu zenye maneno ya Kiingereza na picha ya fuvu. Nilimwomba mlinzi anisomee moja. Akatabasamu, akasema ni ya hatari. Hatari gani? Ya umeme. Sasa mlango wa DB tayari una alama ya radi tangu ulipotengenezwa, na hiyo haijamzuia mtu. Tukaandika wenyewe kwa kalamu: "USIWASHE. MTU YUKO KWENYE WAYA, GHOROFA YA 2." Chini yake namba ya simu ya fundi, tarehe, na saa aliyoanza. Maneno "matengenezo yanaendelea" niliyakataa. Matengenezo yanaweza kusubiri kidogo mama apozeshe juisi. Mtu aliye kwenye waya hawezi. Na simu ni muhimu kuliko fuvu, kwa sababu mama mwenye friji linalochemka anahitaji mtu wa kumpigia.

Tulichokikuta darini

Hapa ndipo ripoti ilipomchosha msimamizi, lakini mimi ndipo ilipoanza kunikosesha usingizi.

Friji la mama kwenye namba nne halikuwa jambo la bahati mbaya. Mtu, mwaka usiojulikana, alihitaji soketi chini akaona waya unapita ukutani kwenda juu, akauchuna na kuunga. Hakuna aliyeandika. Laiti fundi angejua, angepita kwa mama asubuhi: "Mama, shikamoo, friji lako litazima mpaka jioni." Mama angenunua barafu, mlinzi asingepigiwa simu. Nusu ya kazi ya kuzuia umeme usirudi ni kujua nani atakayeukosa.

Tulikaa Jumapili nzima, maduka mengi yamefungwa, tukishusha breka moja moja na kuzunguka vyumba kuona nini kimezima. Nyutro ya laini mbili ilikuwa imeazimwa kutoka moja kwenda nyingine, maana yake unaweza kushusha breka yako, ukaachanisha nyutro darini, na ncha yake ikawa na umeme unaotokea taa ya jirani. Rangi nazo hazisemi kitu mle: nyekundu na nyeusi za zamani zimeungwa na kahawia na bluu za sasa, na kuna mahali nyekundu imeungwa na bluu.

Mwishoni nikashusha meni swichi kabisa. Jengo lote kimya. Nikapanda na mita yangu ya kidijiti, si tesa, kwa sababu tesa ya taa ndogo ile hutegemea mwili wako kuwaka, na juani au ukiwa juu ya ngazi kavu yaweza kukudanganya. Nikaijaribu mita kwenye inveta ya fundi cherehani, mashine yake ya betri ya kutoa umeme wa TANESCO ukikatika, upande wa kutokea, nikaona inasoma. Nikaenda kupima korido ya ghorofa ya tatu. Volti 228. Meni iko chini, na waya wa taa ya korido una volti 228.

Ilikuwa ile ile inveta. Mzee wa cherehani, mtu wa watu, alipofunga inveta yake miaka ya mgao aliona si vizuri wateja wake wapande gizani, akairushia na taa ya korido. Waya ule ulibaki umeunganishwa pia na laini ya jengo. Nilimwonyesha mita. Alishika kichwa. Mwingine angefanya vivyo hivyo kwa jenereta dogo, kwa ile waya yenye plagi pande zote mbili ambayo huchomekwa kwenye soketi ili ilishe nyumba. Kufuli kwenye breka namba nne halina nguvu juu ya umeme unaoingilia mlango wa nyuma. Ndiyo maana kupima hakuondolewi hata ukiwa na kufuli la kilo mbili: jaribu kipimo mahali unapojua umeme upo, pima mahali pa kazi laivu kwa nyutro, laivu kwa ethi (waya wa ardhini), nyutro kwa ethi, kisha rudi ukajaribu kipimo tena kuona bado kizima.

Na kuna mlango mwingine ambao nausema kwa sauti, kwa kuwa nimeuona mara nyingi kuliko kufuli. "Fundi, LUKU imeisha, we fanya tu." Au: "TANESCO wamekata, tumia nafasi hiyo." Hapo huna kinga hata ya Dogo na ndoo yake. Mtoto anarudi shule, anaingiza tarakimu ishirini za tokeni aliyotumiwa na baba yake, na wewe uko juu ya ngazi. Umeme uliokatika si umeme uliozimwa.

Baada ya hapo

Nilimwandikia msimamizi kwamba kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, jengo lake ni mahali pa kazi na yeye hawezi kusema fundi alikuja na balaa lake mwenyewe. Alilipa matibabu, baada ya mazungumzo marefu ambayo hayanihusu. Breka ya uvujaji iliunganishwa upya, ikajikata mara nne siku ya kwanza, na safari hii tulitafuta sababu: waya wa friji la soda la duka la kona ulikuwa umetafunwa na panya. Laini ya friji la mama ilihamishiwa kwenye breka yake. Karatasi mpya ndani ya mlango wa DB inasema kila namba inalisha nini, kwa Kiswahili, imepakwa plastiki.

Fundi alirudi baada ya miezi miwili kumaliza zile taa nne. Alikuwa na kufuli dogo la shaba na kifunga breka kilichotengenezwa kiwandani, si cha kuchonga kwa bati. Dogo alikuwa juu naye safari hii, anashika ngazi. Chini hapakuwa na mtu.

Wiki iliyopita mlinzi alinipigia simu saa tatu usiku. "Mzee, shikamoo. Kuna breka imelala, namba tisa. Haina kufuli, haina karatasi. Niinyanyue?" Nikamwambia asome kwenye mlango namba tisa ni ya wapi, apande akagonge. Akakata. Baada ya dakika kumi akapiga tena, anahema: ilikuwa pasi ya mzee wa cherehani, waya wake umekatika shingoni. Wameichomoa. Nikamwambia sasa ainyanyue.